Nyimbo Kumi na Moja

Nilikuwa bado nanyoosha waya uani Hadjara aliponiita. Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta, nyumbani kwa jirani yake Mariyamu, ambako walikuwa wamemlaza tangu juzi ili vumbi la wachezaji lisimfikie. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na kifua chake kilekile na vidonge vya kutuliza maumivu. Nilizunguka kwa mlango wa nyuma, nikamkuta ameegemezwa kwenye mito mitatu. Uso ulikuwa umekwisha, macho yalikuwa bado yapo yote.

"Weye ndiye wa sono?"

"Ndiye miye, Mama."

"Musichana. Hizo spika kubwa unazibeba aje na huo wembamba?"

"Nazibembeleza, Mama. Zinatembea zenyewe."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja mpaka Mariyamu akaja kumshika mgongo. Kilikuwa kikohozi cha peke yake. Kilianza na mkwaruzo mrefu, kama ndoo ya bati inayoburutwa juu ya saruji, halafu vishindo vitatu vikavu. Ukikisikia mara moja hukichanganyi na cha mtu mwingine.

"Sikiliza," alisema alipopata pumzi. "Mie sitatoka hapa. Raisa ni mutoto yangu mumoja, na leo anaolewa mie niko kitandani. Spika moja uigeuze iangalie huu ukuta. Kila kinachofanyika uniambie kwa mikro. Nani ameingia, amevaa nini, Raisa amecheza na nani. Usinipigie kelele za shangwe-shangwe. Niambie vitu."

"Nitakwambia, Mama."

"Na usikatekate muziki. Arusi ya kukatika-katika inanuka balaa."

Niligeuza spika moja ikaelekea ukutani. Matofali yalikuwa hayajapigwa lipu, na kati ya safu na safu palikuwa na mianya ya kupitisha kidole. Sauti ingepita vizuri, kwenda na kurudi.

Naitwa Sabrina. Nina diploma ya umeme kutoka shule ya ufundi hapa hapa Rumonge, na kazi ya umeme sikupata, kwa hiyo nikawa DJ wa uani. Katika mtaa wetu wa Waswahili mwanamume haingii penye wanawake waliovua mabuibui, hata awe amebeba mikro na kufumba macho. Ndiyo maana wananiita mimi. Watu wanadhani kazi yangu ni kubonyeza nyimbo. Kazi yangu ni kuangalia. Naona wifi na mkwe wameanza kunyoosheana midomo, naweka wimbo utakaowainua wote wawili kabla neno halijatoka. Naona wapishi wamechelewa, narefusha. Naona bibi arusi amechoka kutazamwa, namrudisha ndani na wimbo wa polepole. Sinia la zawadi likiingia natangaza, na mlete-sinia anapigiwa vigelegele vyake, asije akasema baadaye kwamba alidharauliwa.

Na kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa mtaani kwetu anaijua. Muziki wa arusi hukatwa kwa adhana tu. Umeme ukiwapo, adhana haijaadhiniwa, na muziki ukakatika katikati ya wimbo, basi kuna mtu amekufa. Wanawake mitaa mitatu mbali wataacha mwiko ndani ya chungu, watatoka mlangoni na kuulizana ni nani.

Nikaha ilisomwa asubuhi msikitini. Bwana arusi, Karimu, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa Kigoma, kijana mpole, anayepangusa jasho hata kivulini. Kwao walikuja na magari mawili, wakaegesha kwenye kichochoro nyuma ya nyumba, wanaume wakatandika mikeka humo humo wakangoja. Arusi hii ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya ugonjwa wa Hadjara. Safari hii mpango ulikuwa mmoja: saa kumi bibi arusi apande gari, wapite Nyanza-Lac, wafike mpakani kabla haujafungwa saa kumi na mbili. Ng'ambo walikuwa wamekwisha kupikiwa.

Mambo yalikwenda vizuri. Raisa alitoka saa tano, gauni la rangi ya dhahabu, hina mpaka kwenye viwiko, nami nikauambia ukuta: "Mama Raisa, mtoto wako ametoka. Gauni lina mikono mirefu, shanga ziko kifuani tu. Anatembea kama anaogopa kukanyaga yai." Uani wakacheka. Kutoka ng'ambo nikasikia makofi mawili dhaifu.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikata. Wanawake wakajifunika vichwa, uwanja ukatulia, na katikati ya utulivu ule kikohozi cha Hadjara kikapita kwenye matofali, mkwaruzo na vishindo vitatu.

"Pole, Mama," Raisa akasema, akiwa amegeukia ukutani.

"Nimepoa," ikajibu sauti. "Kaa wima."

Bibi mmoja mnene alitikisa kichwa. "Huyu hata kaburini atamuambia mutoto akae wima." Wengine wakamfinya, lakini wakacheka.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini shangazi Asiya aliposimama kando ya meza yangu. Asiya ni dada wa marehemu baba yake Raisa, na siku ile yeye ndiye aliyeshika arusi. Alikuwa akitabasamu kwa watu, na maneno yalimtoka kati ya meno.

"Usigeuke. Angalia mashine yako. Mama Raisa ametutoka."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya kitufe cha sauti.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mariyamu amemufumba macho. Usikate."

"Shangazi..."

"Usikate, nimesema. Juzi alinishika mukono, akaniapisha. Akasema, nikifa siku ya arusi, mutoto avuke mpaka kwanza, ndiyo mulie. Hivyo hivyo alisema. Hawa wa Kigoma wamengoja mara mbili, Sabrina. Mara ya tatu hawangoji. Raisa atabaki hapa na nani? Na mie, mjane na vidole vya gauti?"

"Na radhi? Saa kumi kasoro robo anapaswa kwenda kumpigia mama yake magoti."

"Utasema dawa zimemulaza. Radhi ameniachia mie."

Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho. Nilivuta mwingine, nikauunga juu ya ule wa kwanza kabla haujaisha, vizuri, bila mshono. Mikono yangu ilijua kazi yake.

"Na huo ukuta?" niliuliza. "Niendelee kumwambia?"

Kwa mara ya kwanza tabasamu la Asiya lilipwaya. Alitazama spika, akatazama kiti cha bibi arusi.

"Mutoto anasikiliza," alisema. "Ukinyamaza atajua. Endelea."

Akaenda kuwapokea akina mama wa Kizuka waliokuwa wanaingia na vikapu, na nikamwona akimkumbatia kila mmoja na kucheka.

Nikashika mikro. Nikasema, "Mama Raisa, wageni wa Kizuka wamefika, wako sita, wamevaa kitenge kimoja cha bluu." Sauti yangu ikagonga matofali. Raisa akatazama ukutani, akatabasamu, akainua mikono yake yenye hina kana kwamba mama yake alikuwa anaiona.

Huo ulikuwa wimbo wa kwanza.

Wa pili alicheza na wifi yake. Wa tatu alicheza peke yake, wanawake wakamzunguka, wakamtupia kanga mabegani mpaka zikawa saba. Nilizihesabu kwa sauti, moja moja, nikiuambia ukuta. Wa nne alikuja mwenyewe mezani kwangu, anahema, manukato yamechanganyika na jasho.

"Dada Sabrina, mwambie mama viatu vya Karimu vinanibana. Mwambie nilimwambia thelathini na nane, yeye akaleta thelathini na saba."

"Utamwambia mwenyewe baadaye."

"Mwambie sasa. Atacheka."

Nilisema. Nilisema yote, namba kwa namba. Uani kicheko kikalipuka, na mtu akapaza sauti, "Mwanamume ameanza kubania mapema." Raisa alitega sikio apate kusikia mama yake anajibu nini, lakini muziki ulikuwa juu. Nilikuwa nimeupandisha makusudi, kidogo kidogo, tangu saa nane na dakika ishirini.

Nimewahi kumwambia mtu kwamba nilimtii Asiya kwa sababu ya kiapo. Si kweli yote. Kiapo kilinigusa, ndiyo. Lakini nilikuwa pia na jina. Arusi za Sabrina hazikatiki. Wanawake waliliimba hilo mpaka Magara. Na kuna kitu kingine kibaya zaidi: nilikuwa naifanya vizuri. Nyimbo ziliungana kama maji. Sikuwahi kupiga vizuri kama saa ile.

Wakati wa wimbo wa saba Mariyamu aliingia uani kwa lango la mbele, sinia kichwani, juu yake kitambaa cha shanga. Mwanzo sikuelewa. Kisha nikaona macho yake, na namna alivyokuwa anatembea akiukwepa umati, nikaelewa. Kichochoro cha nyuma, ambako mlango wa Mariyamu unafungukia, kilikuwa kimejaa wanaume wa Kigoma na mikeka yao. Sanda ilikuwa imenunuliwa dukani barabara kuu, na hapakuwa na njia nyingine ya kuifikisha isipokuwa katikati yetu.

Lakini sinia likiingia penye arusi hutangazwa. Wanawake walikwisha kuliona. Walikuwa wananitazama mimi, wanangoja.

"Sinia la Mama Mariyamu," nikasema kwenye mikro. "Sinia linapita."

Vigelegele vikapanda. Bibi yule mnene akacheza mbele ya Mariyamu, kiuno chini, akilipisha njia. Mwingine akanyoosha mkono afunue kitambaa aone zawadi, Mariyamu akamchapa kidole kwa mzaha na kusema, "Ya bibi arusi hayafunuliwi." Raisa alimpungia. Mariyamu akapita, akaingia mlango mdogo wa ukutani unaotokea kwake, na mlango ukafungwa.

Nikaunga wimbo wa nane.

Asiya alirudi nikiwa kwenye wa tisa. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya poda.

"Alasiri iko karibu," alisema. "Ukikata, watasikia. Mie nimemuambia Mariyamu na yule dada anayemusaidia waweke kanga midomoni, lakini mutu ni mutu. Weka kasida."

"Juu ya adhana?"

"Kasida si muziki. Ni sifa za Mtume. Ni dakika nne tu, Sabrina."

"Watasema nini?"

"Waseme kesho. Kesho mutoto iko Kigoma."

Nilitafuta kasida, nikaiweka tayari, kidole kikabaki juu ya kitufe. Moyoni nilikwisha kukubali. Wanawake wangenung'unika, shehe angeniita, ningesema nimekosea, mashine imeruka. Hilo niliona naweza kulibeba.

Wimbo wa kumi na moja ulikuwa wa taarabu, mrefu, na Raisa alikuwa amerudi kitini. Msikiti wetu hauko mbali. Kipaza sauti hukwaruza kidogo kabla ya muadhini kuanza, na mimi hukisikia kabla ya mtu yeyote. Masikio yangu yamezoea. Nikausikia mkwaruzo. Nikashusha taarabu mpaka chini, wakati huohuo wanawake wakavuta mitandio vichwani.

Na Raisa akageuka.

Hakunitazama mimi wala shangazi yake. Aligeukia ukuta, akafunika nywele zake zilizopambwa, akainamisha kichwa kando kidogo, kama mtu anayengoja kuitwa. Ndipo nilipojua anangoja nini. Mimi na Asiya tuliogopa kilio kisije kikapita kwenye matofali. Tulikuwa tumesahau kwamba adhuhuri, muziki uliponyamaza, kikohozi cha Hadjara kilipita pale, na kwamba mtoto wake alikuwa anakingoja kama wengine wanavyongoja adhana.

Kidole kilikuwa juu ya kasida. Kubonyeza tu.

Sikubonyeza.

Muadhini aliadhini mpaka mwisho. Hakuna aliyelia ng'ambo; Mariyamu na mwenzake walikuwa wameshikilia. Nilisikia ziwa, nilisikia mashine ya kukamua mawese mbali kule, nilisikia jogoo. Kutoka kwenye ukuta hakikutoka kitu. Dakika nne ni ndefu sana. Niliona mabega ya Raisa yakianza kushuka, polepole, kanga moja ikateleza ikaanguka chini, na hakuiokota.

Adhana ilipokwisha wanawake walianza kusogeza viti. Raisa akasema, si kwa nguvu, "Mama."

Alisogea hatua moja karibu na ukuta.

"Mama, pole."

Bibi mnene alisema, "Amelala, mutoto yangu." Raisa alisimama. Alikuja mezani kwangu akitembea vizuri, wima, gauni ameliinua kwa mkono mmoja.

"Toka saa ngapi?" aliniuliza.

Asiya alikuwa anakuja mbio kati ya viti. Ningeweza kumngoja yeye aseme. "Saa nane na dakika ishirini," nikasema.

"Nyimbo ngapi?"

"Kumi na moja."

Alikubali kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia bei ya kitu na ameona ni hiyo hiyo aliyoitegemea. Kisha akainama, akavua viatu, akaviweka juu ya meza yangu karibu na kompyuta, akaenda peku mpaka mlango mdogo wa ukutani. Asiya alimshika mkono.

"Raisa. Mama yako aliniapisha."

"Alikuapisha weye, shangazi. Mie hakuniapisha."

"Magari yako tayari. Ukiingia humo hutoki leo. Hebu fikiri, mwanangu. Mama yako alitaka uvuke."

"Nitamuosha. Halafu wakitaka kunichukua, wanichukue."

Mlango ulifunguka ukafungwa, na hapo ndipo kilio kilipoanza, kwanza cha Mariyamu, kisha uani kote. Sikuuwasha muziki tena. Hapakuwa na haja ya kutangaza. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuhesabu dakika baada ya adhana.

Nilikunja waya. Sikujua la kufanya jingine. Meza yangu ilikuwa hatua mbili kutoka ukutani, na kupitia kwenye mianya nilisikia maji yanamiminwa, yanakoma, yanamiminwa tena, na Mariyamu akimwelekeza kwa sauti ya chini: upande wa kulia kwanza. Sasa mkono. Polepole. Mtu alisema hina isichujuke ikaingia kwenye maji, na Raisa akajibu kwamba hina imekwisha kushika.

Kwenye kichochoro Esha, shangazi yake Karimu, alikuwa amesimama kando ya gari na saa yake. Wengine wa Kigoma walikuwa wanakunja mikeka. Esha alimwambia Asiya waziwazi, bila matusi.

"Poleni sana. Sisi ni Waislamu, tunajua kifo. Lakini bibi arusi hatoki kwenye maji ya maiti akaingia nyumba mpya siku hiyohiyo. Kwetu hilo halifanyiki."

"Basi mungoje mpaka kesho," Asiya alisema. "Nitawalaza. Vyumba viko."

"Tumengoja mara mbili, dada. Kule kuna watu mia mbili na wali umepikwa."

Karimu alikuwa ameshika kipini cha mlango wa gari. "Mimi naweza kubaki," alisema. "Nimzike mkwe wangu, nije naye keshokutwa."

"Na nani atawaeleza watu kule? Mimi?" Esha alimtazama mpaka akashusha macho. "Panda. Utarudi kumchukua baada ya siku tatu."

Alipanda. Kabla mlango haujafungwa alinyoosha shingo kuelekea nyumbani kwa Mariyamu, na nilidhani atashuka. Alipangusa jasho. Magari yalirudi nyuma kichochoroni mpaka barabarani, yakageuka kusini.

Hadjara alizikwa kabla ya jua kuzama. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo Raisa alisimama langoni, kanga ya zamani ya Mariyamu kiunoni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akawatazama wanaume wanavyobadilishana jeneza mabegani mpaka walipokata kona. Asiya alinipita akiwa amebeba kiti. Alisema bila kusimama, "Dakika nne, Sabrina. Nilikuomba dakika nne."

Baada ya siku tatu Karimu hakuja. Alisema karatasi za gari zina shida. Alipiga simu kila jioni kwa wiki mbili. Kisha akawa anapiga Ijumaa. Siku ya arobaini, kisomo kilipokwisha, aliyepiga ni Esha, akaomba kuzungumza na wazee wa kiume. Talaka ilikuja kwa ujumbe wa sauti, wa sekunde thelathini na kitu, na wanaosema waliusikia wanasema kijana alikuwa analia. Sijui. Sikuomba kuusikia.

Mimi sikuitwa kwenye arusi yoyote kwa miezi miwili. Wengine walisema nilikata makusudi ili nimharibie mtoto wa watu. Wengine, wachache, walisema nilimchezesha juu ya maiti ya mama yake. Wote walikuwa na haki ya kusema.

Nilikwenda kwa Raisa mwezi wa tatu baada ya mazishi. Anakaa kwa Asiya sasa, anauza mawese barazani kwa chupa na nusu chupa. Asiya aliniona, akaingia ndani. Raisa alinisogezea kigoda kwa mguu.

"Amahoro."

"Amahoro, Raisa. Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Shangazi yako anasema nilikata pasipofaa," nikasema. "Ningeweka kasida, ungekuwa Kigoma leo."

"Ningekuwa Kigoma." Alikuwa anamimina mawese kwa faneli, macho yake kwenye mdomo wa chupa. "Ningeambiwa kule, mbele ya watu mia mbili, na mama yangu iko chini toka jana. Kwa kukata sina neno na weye. Ungekata mapema ningekushukuru."

"Najua."

"Zile kumi na moja ndizo sijui nizifanye nini. Nalala, nazisikia. Najua nilicheza, lakini sikumbuki nilicheza na nani kwenye upi." Akaweka chupa chini. "Weye ulikuwa unaona kila kitu. Mariyamu naye amekuambia ya upande wa pili?"

"Amenieleza. Nilimwuliza."

"Basi kaa. Niambie moja moja. Mie nilikuwa nafanya nini, na yeye alikuwa anafanywa nini."

"Raisa, itakusaidia nini?"

"Sikukuuliza kama itanisaidia."

Mteja alikuja, akapimiwa nusu chupa, akaenda. Nikasogeza kigoda.

"Wa kwanza," nikasema, "walikuwa wanaingia wageni wa Kizuka. Wewe ulikuwa umekaa. Uliinua mikono uuonyeshe ukuta hina yako. Upande wa pili Mariyamu alikuwa amemaliza kumfumba macho, anamfunga kidevu kwa kitambaa. Kilikuwa kimelegea, akakifunga tena."

Raisa alifunga kizibo cha chupa, akakikaza, akaipangusa kwa kitambaa pande zote mpaka ikakauka. Akaiweka kwenye mstari pamoja na nyingine.

"Wa pili," alisema.